Shokabsoba za Gari Lisilompita Mtu

Shokabsoba zangu zilivuja mafuta njiani kutoka Kakuma, nikafika Lodwar mgongo ukiniuma. Fundi alinitolea mpya, laini. "Hizi ndizo zako, mama. Hutaisikia barabara."

Nikamwambia nataka zile ngumu, za mizigo.

"Ukiwa peke yako zitakurusha kama mpira."

"Nani amekwambia mimi huwa peke yangu?"

Alichungulia ndani ya gari, akaona viti vitupu. Alikuwa amehamia juzi tu kutoka Kitale. Hakujua kwamba huku, ukimkuta mtu kando ya barabara na jua lile, unasimama. Unampakia yeye, mbuzi wake na mitungi yake ya maji, na mbele kidogo unawakuta wengine.

"Si ukatae tu? Gari ni lako."

"Ni langu, ndiyo maana nachagua mimi. Funga zile ngumu."

Alizifunga akinung'unika. Alipomaliza, akafuta mikono, akauliza kama ningeweza kumfikisha Kakuma nikirudi, yeye na giaboksi ya mteja wake.

"Nikatae?" nikamwuliza, mlango nimeshamfungulia.