Thamosi Nyekundu ya Mama

Harufu ya mwarobaini uliochemka ilinipokea mlangoni, ndani ya nyumba yangu hapa Suna. Nyumba ya mawe, na mwenyewe niliacha shule darasa la sita. Siku hizi hata walimu wananiita mzee. Dada yangu Akinyi, ambaye kesho yake alikuwa anaenda Homa Bay kudungwa dawa ya saratani, alikuwa anamimina kitu kwenye thamosi.

“Daktari anajua?”

“Hii ni chai tu, omera, ndugu yangu.”

Nilichoka papo hapo. Chai hiyo naijua. Niliibeba mwenyewe nikiwa na miaka tisa.

Wakati huo tulikaa Awendo, na Mama alikuwa na uvimbe kwenye titi. Hospitali walimpa vidonge. Mama Anyango, mganga wa miti shamba, akampa mizizi ya kuchemsha, michungu hata nzi hawakutua kwenye kikombe. Mama alitumia dawa zote mbili, daktari na mganga kila mmoja akifichwa habari za mwenzake. Siku za kliniki thamosi nyekundu nilibeba mimi, maana nani atamshuku mtoto?

“Mama, kuna kitu kingine unakunywa?” Daktari alikuwa haachi kuuliza.

“Hakuna, daktari.”

“Na hiyo?”

“Chai ya rangi,” nikadakia. “Maziwa iliisha.”

Hiyo ya maziwa niliiongeza mwenyewe. Sijaona mtoto aliyedanganya vizuri hivyo. Nilinunuliwa mandazi mbili.

Baadaye Mama akaanza kutapika, macho yakawa manjano. Daktari akasema vidonge vimemshinda, akavisimamisha. Sisi tukaongeza mizizi.

Siku ya mazishi Mama Anyango aliniuliza, “Kwani alikuwa anaenda hospitali?”

“Kila mwezi.”

“Nilimuuliza kila akija kama anameza vidonge. Alisema hapana.” Akakaa chini kwenye nyasi.

Kama ni mizizi au ni ugonjwa wenyewe, mpaka leo sijui. Miaka mingi nimebishana na watu leo nikimlaumu daktari, kesho mganga, kumbe wote wawili waliuliza swali moja na sisi tukawapa uongo mmoja.

Basi kesho yake nikampeleka Akinyi Homa Bay mwenyewe, akininunia njia nzima, nikafungua thamosi yake juu ya meza ya daktari wake. Daktari akanusa.

“Mwarobaini?”

“Na kingine sikijui,” Akinyi akasema polepole.

“Haya, tuanze na hicho usichokijua,” akavuta kalamu.

Hakugomba hata kidogo. Na Mama alichoogopa ni kugombezwa tu.