Ngazi ya Gu Yinfeng Haifungwi

Umempita. Usiniambie hukumwona. Mkazi, ulikuwa unawahi kazini. Mgeni, ulikuwa umeinua simu juu ya kichwa chake ili upate picha ya daraja.

Saa kumi na mbili asubuhi, mjini Suzhou, Gu Yinfeng anashuka ngazi ya mawe inayotoka mlangoni kwake hadi kwenye maji ya mfereji. Ana miaka sitini na mmoja. Baridi imeanza, ni msimu wa kutia mboga chumvi, na anasuuza majani ya haradali fungu kwa fungu kabla ya kuyashindilia mtungini. Saa mbili atashika kasia awatembeze watalii.

"Mama yangu alifulia hapa. Nepi za wanangu nimezifulia hapa," anasema. "Leo naambiwa nachafua mji."

Inayomwambia hivyo ni kampuni inayoendesha utalii wa mtaa huu. Imewakataza wakazi kufua na kuosha mferejini. Halafu, sikiliza vizuri, ikaajiri wasichana, ikawavisha nguo za buluu za kizamani na kuwakalisha kwenye ngazi hizihizi wajifanye wanafua! Kwa saa moja wanalipwa zaidi ya anachopata Gu kwa asubuhi nzima ya kasia. Nguo wanazozipiga hazijawahi kuona sabuni.

Wiki iliyopita mtalii alimpigia kelele kutoka darajani.

"Bibi, sogea kidogo! Unaniharibia picha."

"Picha ya nini?"

"Ya mwanamke anayefua."

"Na mimi hapa nafanya nini, nasali?"

Mashua ya watalii iliyokuwa ikipita, nzima iliangua kicheko. Kesho yake kampuni ikamtuma mlinzi, Lu Haiming, aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo, amwambie kuwa Jumamosi ngazi itafungwa kwa geti la chuma.

"Shangazi, nakuomba, tumia bomba tu. Mimi nimetumwa."

"Na mboga zangu unazokula kila mwaka, nazo unatumwa?"

"Shangazi, usinifanyie hivyo bwana."

"Shika kapu hilo. Utanifukuza ukiwa unafanya kazi."

Haiming alitazama huku na huku, kisha akashika kapu.

Mimi ninayeandika haya, mkazi wa mtaa huu, sijasahau. Walianza na kisima cha uchochoroni, wakakifunika kioo kipendeze. Tukanyamaza. Wakamwondoa kinyozi, pakawa duka la vipepeo vya hariri vya kujipepea. Tukasema ni maendeleo, tukaenda kula tambi.

Gu hataki maendeleo ya kuigiziwa maisha yake. "Jumamosi nakaa jiwe la chini kabisa na mboga zangu zote," anasema. "Waje wafunge geti nikiwa ndani. Mwaka Mpya lazima mtungi uwe umejaa."

Jumamosi ni kesho. Mgeni, kama una tiketi ya mashua, irudishe leo na useme kwa nini. Na wewe jirani, usingoje wafike mlangoni kwako. Chukua beseni, chukua nguo chafu, shuka ukae kando yake kabla mafundi wa geti hawajaja.