Waifai ya Siku ya Posa

Nyumba yangu ya Masasi nimeijenga mwenyewe, kwa darasa langu la saba. Nyaya za umeme nimevuta mimi. Mabomba nimeunga mimi. Hata kile kisanduku cha intaneti, rauta wanakiita, fundi alikiweka vibaya nikakihamisha mwenyewe kikashika vizuri zaidi. Kwa hiyo shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliponiambia yuko Mwanza, kazini wamemnyima ruhusa, hawezi kuja kwenye posa ya binti yangu, sikutetereka. Nilimwambia, "Shemeji, wewe kaa huko huko. Nitakuleta sebuleni kwangu kwenye runinga."

Nilijua uzito wa niliyoyasema. Kwetu binti ni wa mjomba wake. Baba utalisha, utasomesha, lakini neno la kumtoa ni la kaka wa mama yake. Asiposema yeye, hapajasemwa kitu. Wageni wa Mkunya, kule Newala, ukoo wa kijana anayemposa, tulishawaahirishia mara moja kwa kumsubiri. Safari hii mshenga wao alituma ujumbe wa adabu ila ulieleweka: wakirudi tena bila jibu, hawatakuja mara ya tatu. Na binti yangu alikuwa anamtaka yule kijana. Hakusema, lakini asubuhi nzima nilimwona anapiga pasi kitenge kimoja.

Walikuja Jumamosi mchana, gari mbili zimejaa. Shikamoo, marahaba, maji ya kunywa. Kabla soda hazijafunguliwa nikatangaza, "Na waifai ipo, jamani. Msimalize bando zenu hapa kwangu." Nikawatajia nenosiri herufi kwa herufi. Vijana wakaandika, wazee wakawapa vijana simu zao wawaandikie. Nilijisikia vizuri sana.

Tukampigia mjomba kwa kompyuta niliyoiunganisha na runinga kwa waya. Akatokea kwenye runinga amevaa koti, akasema, "Wakwe zangu, ha..." akaganda mdomo wazi. Kiduara kikaanza kuzunguka.

"Mjomba ameshtuka kutuona," mshenga akasema. Watu wakacheka. Mara ya pili hawakucheka.

Nikazima rauta, nikawasha. Mjomba akarudi, akaganda. Nikaangalia bando: lipo tele. Nikachomoa waya wa runinga, tukajaribu kwenye kompyuta peke yake: vile vile. Rauta yetu inakaa juu ya kabati la vyombo, na mke wangu ameivalisha kitambaa cha kufuma kama alivyovalisha redio na kila kitu pale sebuleni. Nikakivua, labda imezidiwa na joto. Wapi. Nikaibeba na ekstensheni yake hadi koridoni, kwenye dirisha linalotazama mnara. Taa zote kijani. Kutoka sebuleni nikamsikia mjomba akisema "hamjambo" kama mtu aliye kisimani, kisha kimya.

Mimi nimebeba magunia ya korosho, nimepasua mawe ya msingi kwa mikono hii. Lakini uchovu wa kuchuchumaa mbele ya taa za kijani zinazokwambia hakuna tatizo, huo sijaupata kwingine.

Mke wangu akaja. "Baba, mshenga kauliza barabara ya kupanda Newala ikoje jioni."

"Waongeze chai."

"Wamekunywa mpaka wamekataa."

Hapo hapo barazani wakapiga kelele: "Goooli!"

Nikachungulia dirishani. Vijana wa Mkunya wamejipanga ukutani, kila mmoja na simu yake. Huyu mpira, yule anashusha filamu, wengine wanaonyeshana video za ngoma. Nikaelewa. Mabomba nayajua: ukifungua koki zote za uani, bafuni maji hayafiki.

Kubadili nenosiri ningeweza mara moja. Lakini ni sawa na kumpokonya mkwe sahani huku anakula. Mtu amekuja kuoa kwako, umwambie zima? Habari ingefika Mkunya kabla yao. Nikamweleza mke wangu. Akaitazama rauta, akanitazama mimi.

"Nani aliwapa?"

"Mimi."

"Haya." Akaenda kumwita mama yake.

Mama mkwe wangu simsogelei, heshima hiyo bado tunayo. Lakini kwa yule kijana yeye ni bibi, na bibi na mume wa mjukuu ni watani. Nikasikia fimbo yake inagonga sakafu ya baraza.

"Nyie waume zangu wa Mkunya! Mmekuja kuoa au kula waifai? Mjukuu wangu mmemwacha ndani, mnatazama miguu ya wanaume wenzenu! Zimeni hivyo vidude. Asiyezima ananioa mimi leo leo."

Baraza likalipuka. "Bibi, mimi nimezima!"

"Mimi nilizima zamani, bibi! Mahari yako siiwezi!"

Mjomba akarudi. Safari hii sauti ilifika mpaka koridoni, safi. Akawasalimu wakwe, kisha akamwita binti yangu asogee.

"Huyu kijana unamjua?"

"Namjua, mjomba."

"Unamtaka, au wanakusukuma?"

Nikaitazama rauta, nikadhani imekata tena.

"Namtaka."

"Basi mimi nimekubali. Wapeni maji ya kunawa, wale."

Nilikuwa bado nimekaa sakafuni koridoni, rauta mapajani. Mjomba akauliza, "Na baba mtu mbona simwoni?"

Nikajibu, "Nipo, shemeji." Lakini vigelegele vilishaanza, na sidhani kama kuna aliyenisikia.