Subiri Darubini Kubwa

Ofisa wa forodha alikishika kile kioo kwa mikono miwili, akajitazama, akashtuka. Pua yake ilikuwa imejaa kioo kizima.

"Ndugu, hiki ni kioo cha saluni," akasema.

Nikamweleza kwamba ni cha darubini, cha kutazamia nyota, na kwamba ukikisogelea kinakuza uso. Akajitazama tena, safari hii meno. Akamwita mwenzake naye aje ajitazame. Mwishowe wakaandika "vifaa vya urembo", nikalipia ushuru wa urembo, nikaondoka na urembo wangu kwapani huku nimefura.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka ya kubadilishia fedha yalikuwa yamefunguliwa mjini Mwanza, na mtu hakuhitaji tena kuomba kibali cha fedha za kigeni mpaka azeeke. Mimi nilikuwa fundi mitambo kwenye kinu cha pamba, nimepanga Igogo, na kwa miaka sita nilikuwa na darubini ndogo ya lenzi niliyoachiwa na mhandisi wa kigeni aliporudi kwao. Urefu wake mkono mmoja, imesimama kwa miguu mitatu, bomba la shaba. Ilinitosha kabisa. Ila ruksa ilitufundisha sote kutotosheka, nami nikaagiza kioo kutoka Ulaya, kipana kama sinia, ili nijitengenezee darubini ya maana.

Aliyenitia ugonjwa huu wa nyota ni mama yangu. Kule kwetu Majita alinionyesha Kilimia kabla sijajua kusoma. Yeye alipanda mtama kwa kukitazama kile kishada cha nyota, hakuhitaji kalenda ya mtu. Mwaka mmoja kabla kioo hakijafika alikuja kunitembelea, na jioni moja akanikuta uani nimeinamia ile darubini ndogo.

"Baba, nami nichungulie," akasema. "Nikione Kilimia kwa karibu kabla sijafa."

"Subiri, mama. Hii ni ya kutazamia mwezi tu. Subiri kubwa ije."

Hakubisha. Akaenda kumsaidia mke wangu kuchambua mchicha. Na mimi, kwa majivuno ya mtu anayetegemea kikubwa, ile ndogo nikampa mwalimu mmoja wa Sengerema, kama unavyogawa shati lililokubana. Shuleni walitukaririsha usiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao niliuacha, na msala wenyewe ulikuwa bado melini.

Kioo kilipofika nilihitaji bomba. Nikamwendea fundi bati wa jirani, bingwa wa ndoo na makarai, nikamchorea chini kwa kijiti: bomba refu kama mimi, wazi juu, wazi chini.

"Mzee, pipa lisilo na kitako la nini?"

"Si pipa."

"Nimekupata," akasema, na hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba hajanipata. Wiki tatu kila nikipita naambiwa kesho. Lilipotoka lilikuwa limezibwa chini, limelehemiwa kwa risasi mshono wote, lina vishikio viwili. Alilijaza maji mbele yangu ili nione halivuji. "Kitako nimekuongezea bure," akasema, akitegemea nimshukuru. Nikashukuru. Ningefanyaje? Nikamrudishia akate, akaniambia kesho.

Wakati huohuo anga lenyewe lilikuwa linaniponyoka. Ufukweni kilikuwa kimejengwa kiwanda cha minofu ya sangara, taa zake zinawaka kama kuna harusi kila siku. Usiku usio na mwezi, ambao ndio mimi nautaka, ndio huohuo wavuvi wa dagaa wanautaka, basi ziwa zima linawaka karabai. Nafuu yangu ilikuwa mgao wa umeme. Igogo nzima ikilaani, mimi nasema asante kimoyomoyo. Siku moja niliisema kwa sauti, mke wangu akasikia, na hakunisemesha mpaka umeme uliporudi.

Mama akaja tena mwezi wa kwanza, wakati ambao Kilimia kinakuwa juu kabisa utosini mara tu giza linapoingia. Safari hii alikuwa mkimya. Alitembea akigusa ukuta, nikadhani ni miguu. Kila jioni aliuliza, "Kubwa imekuja?" nami namjibu imekuja, mama, bado pipa tu. Nilikuwa nimeshaanza hata mimi kuliita pipa.

Jumamosi moja nikaenda kumsimamia yule fundi bati kwa macho yangu mpaka akate kitako. Kioo nilikiacha mezani, nimekifunika kwa khanga. Nilikaa pale tangu asubuhi, nikaambiwa mkasi wa bati umeazimwa, nikarudi nyumbani saa saba mikono mitupu, nina hasira za kutosha mtaa mzima.

Mama alikuwa uani, mbele ya kichanja cha vyombo. Masufuria yamepangwa, yanametameta, kama anavyoyaacha siku zote. Katikati ya masufuria kilikuwa kioo changu, kinachuruzika maji. Mikono yake ilikuwa na majivu mpaka kwenye viwiko.

Niseme tu kwamba kioo cha darubini si kama cha ukutani. Fedha yake hupakwa mbele, nyembamba kuliko utando wa maziwa, na hata kuifuta kwa kitambaa unafikiri mara mbili. Yeye alikuwa amekisugua kwa majivu na mchanga. Katikati palibaki kioo kitupu. Ungeweza kuona masufuria kwa upande wa pili.

"Mama, umefanya nini?" Nilipiga kelele. Katika maisha yangu sikuwahi kumpigia mama kelele, na jirani alichungulia juu ya ua. "Unajua nimehangaika kiasi gani? Nani alikutuma? Nani?"

Hakuinuka pale alipochutama. Alikuwa bado ameshika dodoki.

"Kilikuwa kimeingia ukungu, baba," akasema taratibu. "Nilitaka nijitazame kidogo, sikujiona. Nikasema ni moshi wa jikoni. Nimesugua weee, mkono umeuma, na bado sijioni."

Nikageukia kichanja. Kioo kile kilikuza pua ya ofisa wa forodha ikajaa ukingo hadi ukingo. Kilimkuza kila aliyekisogelea.

"Mama, pale kichanjani kuna masufuria mangapi?"

"Sita."

"Umeyaona?"

"Nimeyaosha," akajibu kwa ukali. Kisha akaangusha mabega. "Mwaka jana nilikuwa naona, si sana, lakini naona. Uliniambia nisubiri, nikasubiri."

Mke wangu alitoka jikoni, akampokea dodoki, akamnawisha mikono. Mimi niliona aibu mpaka nikashindwa kukaa. Mwezi mzima nilikuwa nakagua anga, na aliyekuwa haoni alikuwa anakula meza moja na mimi.

Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. La kulia lilipasuliwa. La kushoto lilikuwa na ugonjwa mwingine ndani, daktari akasema hilo tungelileta mapema, na hakuna kitu kinachoudhi kama daktari anayesema kweli bila kupandisha sauti.

Mama akiwa bado na bandeji nilipanda kivuko hadi Kamanga, nikaenda Sengerema kumwomba yule mwalimu aniazime darubini niliyompa mwenyewe. Hakunicheka, na hilo liliniuma zaidi. Ndani ya kivuko wakati wa kurudi nilisoma, kwa mara ya kwanza, kijitabu kilichokuja na kile kioo. Kilisema vishada vipana kama Kilimia havienei kwenye darubini kubwa. Ungeona kipande tu. Cha kutazamia vile ni darubini ndogo.

Pipa nililichukua na kitako chake, liko mpaka leo. Mke wangu aliliweka chini ya mchirizi wa bati kukinga mvua, na katika miaka yote hiyo halijavuja hata tone.

Mwezi wa tatu, jioni moja bila mawingu, Kilimia kikiwa kimeanza kushuka upande wa ziwa, nilimweka mama kwenye kigoda nikamwelekezea ile ndogo. Akaegemeza jicho la kulia. Alitazama muda mrefu, mpaka mgongo ukaniuma mimi niliyeinama kumshikia bomba.

"Ziko nyingi," akasema. "Kumbe ni nyingi hivi."

"Ndiyo, mama."

Aliendelea kutazama, hakuondoa jicho.

"Na hii ndiyo ile uliyosema ya mwezi tu?"

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ndiyo hiyo."