Udongo wa Kichuguu Niliompelekea Mama

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu ya heshima kuliko zote nyumbani ilikuwa kumchimbia mama udongo wa kichuguu. Tulikaa nje kidogo ya Bariadi, na kichuguu chenyewe kilikuwa ukingoni mwa shamba letu la pamba. Mama alikuwa mjamzito, na hamu ya udongo ilimshika hata akawa anaacha ugali mezani. Bibi, mzaa baba, alikuwa na maelezo yake: masamva, yaani mizimu ya ukoo, wanataka mtoto apewe jina la marehemu wetu mmoja, na kumnyima mama udongo ni kumnyima marehemu. Basi nikateuliwa kuupeleka kila asubuhi, bila kusema neno njiani, nikaapishwa nisimwambie mtu wa nje. Tulikuwa Wakatoliki, lakini mambo hayo padri hakuambiwa.

Nilijiona mtu mkubwa. Kwa mtoto mwenye mdomo kama wangu, kunyamaza kutoka kichuguuni hadi nyumbani haikuwa kazi ndogo.

Kadiri mama alivyokula ndivyo alivyozidi kuchoka. Akibeba ndoo ya maji anahema, moyo unamdunda mpaka akae chini. Bibi alisema marehemu alikuwa mtu mkubwa, ndiyo maana ana uzito. Nami nikaongeza udongo. Nilimpenda mama, jamani, na sikujua njia nyingine ya kumsaidia.

Siku moja tukichuma pamba, mama alianguka. Bibi alipiga magoti na, bila kufikiri, akafanya alichokuwa akiwafanyia mbuzi wake zizini: akamshusha ukope wa chini, akatazama ndani. Palikuwa peupe. Akatazama jicho la pili.

"Angekuwa mbuzi," alisema taratibu, "ningeshasema zamani kwamba hana damu."

Baba alimpakia mama kwenye baiskeli, akaisukuma hadi zahanati, mimi na bibi tukifuata nyuma. Nesi alimtoboa mama kidole, akapima. Damu ilikuwa imepungua sana. Akauliza kama anakula udongo. Mama akatazama chini, maana mkamwana hamwaibishi mama mkwe mbele ya watu. Baba akakohoa. Mimi nilikuwa nimeapishwa kunyamaza.

"Anakula, nesi," bibi akasema. "Mimi ndiye niliyeagiza, na mjukuu wangu huyu ndiye anayeuleta. Nilidhani ni masamva."

"Bibi, mara nyingi hamu hiyo ni dalili kwamba mwili umepungukiwa madini ya chuma," nesi alimjibu. "Na udongo wenyewe unazidi kuyazuia. Angefika siku ya kujifungua hivi, mngeweza kumpoteza."

Bibi akamgeukia mama. "Nisamehe, mayu," akamwambia, yaani mama, kama mtu anavyomwita binti yake wa kumzaa. Sijawahi kumsikia mama mkwe mwingine wa kijijini kwetu akimwomba radhi mkamwana wake, tena hadharani. Nililia mimi, mama hakulia.

Alipelekwa hospitali akaongezewa damu, kisha vikafuata vidonge, dagaa na majani ya maboga kila siku mpaka akayachukia. Mdogo wangu alizaliwa salama, akapewa jina la yule marehemu. Bibi hakuwa mtu wa kushindwa yote kwa mara moja.

Mimba yangu ya kwanza ilipoanza kunitamanisha udongo, sikusubiri kizunguzungu. Kesho yake nilikuwa kliniki nikipimwa damu. Wanawake ninaofanya nao kazi nawachosha kwa maneno yaleyale: ukihema kwa kazi ndogo, hedhi ikizidi, uchovu usipoisha hata ukilala, kapime kwanza, maelezo baadaye.

Bibi ameshafariki. Siku ile pale zahanati angeweza kunyamaza akalinda heshima yake, nasi sote tungenyamaza naye. Mama sasa ana mvi, na jana alinipigia simu nusu saa nzima akilalamika kwamba sili vizuri. Kila nikiisikia sauti yake namshukuru bibi kwanza, kisha Mungu, na naamini Mungu haoni ubaya wowote katika utaratibu huo.