Kabari ya Bafuni

Kwenye meli ya watalii ninayofanyia usafi, katika chumba cha mwisho cha korido yangu alikaa mama mmoja ambaye hakutoka bila filimbi shingoni. Tochi ndogo ilikuwa mfukoni, na pasipoti ndani ya kifuko kisichopitisha maji, alichokipapasa kila mara kama mtu anayehakikisha jino bado lipo. Mumewe alikuwa mcheshi, wahudumu wote tulimpenda. "Dada, mvumilie mwenzangu," aliniambia siku moja mbele ya watu, mkono umemkaa mkewe begani. "Amefungasha kama tunakwenda vitani, na meli yenyewe ni jumba!" Watu wakacheka. Mama naye akacheka, mdomo umefungwa, kidole gumba kikiisugua ile filimbi iliyokwisha kubabuka rangi.

Alikuwa pia na kabari ya mpira, ile ya kuchomeka chini ya mlango usisukumwe kutoka nje. Kila asubuhi niliikuta sakafuni bafuni. Nikadhani wanaisahau tu, nikawa naiokota na kuiweka kwenye mlango wa chumba. Kesho yake naikuta imerudi bafuni, safari hii na mto kando yake, umelowa. Kitandani palikuwa pamevurugika upande mmoja tu. Mama akanikuta nimeishika.

"Wezi huingilia mlango mkubwa, mama," nikamwambia.

Akaichukua mkononi mwangu taratibu, akainama kuirudisha bafuni, mkono mmoja umeshika ubavu.

"Ninayemfungia mimi, mwanangu, ufunguo wa mlango huo mkubwa anao."