Neno Nililolisema kwenye Bariere

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, vita vikiwa vimeshatukimbiza kijijini mara mbili na kuturudisha, nyanya yangu alinikataza kulitaja jina la ugonjwa uliokuwa unatumaliza. Vitabuni wanauita kipindupindu. Sisi huko Lubondja tulisema kolera, lakini si nyumbani kwa nyanya. Kwake ulikuwa "mugeni". Tukisikia mugeni amepita kwa fulani, kesho yake tulisikia kilio huko huko.

"Mauwa, ukimuita jina, anaitika," aliniambia, amenishika kidevu ili nimtazame. "Anaona umemujua, anaingia. Usimuite."

Niliamini. Wakubwa wote walikuwa wananong'ona. Mtoto angepata wapi ujasiri wa kutoamini?

Mama alishikwa na ugonjwa asubuhi moja akitoka mtoni. Kufikia saa nne hakuweza kusimama. Nyanya alimchemshia majani ya mapera, akampa maji ya mchele yasiyo na chumvi, maana chumvi haikuwa imefika kijijini tangu barabara ifungwe. Mimi nilimwaga beseni nyuma ya nyumba, nikarudi, nikamwaga tena. Nilipomshika mkono, ngozi ya vidole vyake ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua nguo kutwa.

Zahanati yetu haikuwa mbali, lakini ilibaki kuta tu. Magodoro, dawa, hata milango vilikuwa vimebebwa, na muuguzi alikuwa amekimbilia Ubwari na familia yake. Mahali pa kutibiwa palikuwa mjini Baraka, mwendo wa siku nzima kwa miguu. Mjomba Mmunga, kaka yake mama, na majirani watatu wakafunga blanketi kwenye miti miwili, ikawa tipoi, wakambeba. Nilifuata na kidumu cha maji kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namnywesha.

Jua lilikuwa limeshapita utosini tulipofika kwenye bariere: kamba iliyokatiza barabara, na askari watano. Sijui walikuwa wa upande gani. Miaka ile hatukuuliza.

"Huyu iko na nini?"

"Malaria, shefu," mjomba alijibu bila kusita.

Askari mmoja aliizunguka tipoi, kisha akaja akachuchumaa mbele yangu. Alikuwa kijana, na sauti yake haikuwa mbaya. "We mutoto, mama yako anagonjwa nini?"

Watu hudhani nilisahau onyo la nyanya. Sikusahau. Lakini malaria kwangu ilikuwa kitu kidogo, kila mtu alikuwa nayo. Nilifikiri askari wakijua ukubwa wa ugonjwa wetu watatuonea huruma na kutupisha haraka.

"Ni kolera," nikasema. "Anakufa. Mutuachilie tupite."

Yule kijana aliruka nyuma kana kwamba nimemmwagia maji ya moto. Wengine wakakoki bunduki. "Murudi! Mutatumaliza sisi wote hapa!" Mjomba alipiga magoti, akaomba tupitie mbali, kule mashambani, tusiwakaribie. Wakapiga risasi moja juu. Tukageuka.

Mama alifariki kwenye njia ya kurudi, kando ya shamba la mihogo ambalo wenyewe walikuwa wamelikimbia. Wabebaji walimshusha ili wapumzike. Nikamwekea maji mdomoni, yakatoka pembeni. Nikaweka tena. Mjomba akaninyang'anya kidumu, polepole.

Nyanya alikuwa mlangoni tulipofika. Kabla hata ya kulia aliuliza, "Nani alimuita?"

"Ni mimi, nyanya."

"Nilikuambia."

Hakurudia neno hilo maisha yake yote. Hakunipiga, hakuninyima chakula. Ila siku tuliyomzika mama, bila matanga kwa sababu watu waliogopa kuja, alisimama upande wa pili wa kaburi na hakunishika mkono.

Sasa mimi ni mama wa watoto wanne. Najua ugonjwa ule hauna masikio. Unatembea na maji machafu. Kujua hakujanisaidia. Nyanya alisema nikilitaja jina mugeni ataitika, nikalitaja, mama akafa. Mwenye kutaka kunionyesha alipokosea, anionyeshe.

Mwaka juzi nilimweleza mjomba haya yote, tumekaa nyumbani kwake Baraka.

"Umebeba ile kitu miaka yote, Mauwa?" akauliza. "Sikia. Kisha kumuzika, mi nilifika hapa kutafuta chumvi, nikapita ku hospitali. Bagonjwa balikuwa banalala inje, chini, mupaka ku barabara. Serumu ya kutundika ilikuwa ilishaisha. Banganga balikuwa banapita tu, banafunika benye kufa. Hata tungepita ile bariere..."

Alitaka kunifariji, na nilimshukuru. Nilipotoka kwake nilisimama barabarani. Miaka yote ile, ndani ya hatia yangu kulikuwa na mama mzima: kama ningenyamaza angefika, angetibiwa, angerudi nyumbani kwa miguu yake. Kumbe hapakuwa na njia hata moja ambayo angeishi. Mjomba aliniondolea hatia, na mama yule akaondoka nayo.